Vioo Vinne Ndani ya Barafu

Port Victoria

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nilipomeza funda la chai na mke wangu Nafula akaweka kikombe chake chini bila kunywa.

"Hebu meza tena," akasema.

Nikameza.

"Kuna kitu hapo kwa shingo. Kimepanda, kikashuka."

Nilikwenda kwenye kioo cha kunyolea. Alikuwa amesema kweli. Upande wa kulia, chini kidogo ya koromeo, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu changa. Haukuuma. Kila nilipomeza ulipanda polepole na kushuka polepole, kama boya wimbi linapopita chini yake. Nilisimama pale nikimeza mate mpaka yakanikauka. Nje, ziwa lilikuwa jeupe kwa ukungu. Mitumbwi ilikuwa inarudi lakini haikuonekana. Injini zake tu ndizo zilizosikika, moja baada ya nyingine, kana kwamba ukungu wenyewe ulikuwa unakoroma.

Nyinyi mnaokuja kuchukua barafu mmeniuliza ilikuwaje, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa nimeandika yote, ili msinipokezane tena mashineni.

Kwa asiyenijua: naendesha mashine ya barafu hapa ufuoni, mwaka wa kumi na tisa sasa. Shule niliiachia kidato cha pili. Yaliyobaki nimeyapata kwenye vitabu vya mitumba na maelekezo yanayokuja na mashine. Kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya mashine inapotoa sauti ngeni: sikugusa kitu kabla ya kupima.

Nitaruka habari za foleni, fomu na kadi. Picha ya altrasaundi ilionyesha uvimbe wa sentimita mbili na nusu kwenye tezi dundumio, ile tezi yenye umbo la kipepeo inayokaa mbele ya koo. Damu ilikuwa sawa. Kliniki moja ya mjini ikanipa bei ya upasuaji, na kitanda na dawa ya usingizi humo humo: shilingi laki mbili na sitini elfu.

"Kabla ya kujua ni kitu gani?" nikauliza.

"Tukishatoa ndio tutajua, Mzee."

Laki mbili na sitini sina. Nilicho nacho ni kipande cha shamba alichoniachia mama, chenye mwamba mpana unaotazama maji. Jirani yangu, Mwalimu Wandera, aliyestaafu, amekitaka kwa miaka mingi. Alikuwa tayari kutoa pesa hizo zote kwa mara moja, lakini si kungoja. Alinipa hadi Jumatatu iliyofuata. Baada ya hapo angenunua kwingine.

Basi hesabu yangu ilikuwa hivi. Nikiuza na uvimbe uwe wa kawaida, nimepoteza shamba la mama kwa hofu tu. Nikikataa kuuza na uvimbe uwe saratani, nimepoteza mnunuzi, na pengine na mimi mwenyewe. Nilihitaji jibu kabla ya Jumatatu. Nilikuwa nimesoma kwamba vimbe nyingi za tezi hii si saratani, na kwamba njia ya kujua ni sindano nyembamba inayonyonya chembe chache zikatazamwe kwa hadubini.

Ijumaa daktari mgeni alikuja hospitali ya misheni iliyo karibu nasi. Alinidunga mara tatu, akapaka alichonyonya kwenye vipande vinne vyembamba vya kioo, akaviacha vikauke, kisha akavifunga katika kijaluba cha karatasi ngumu. Msomaji wa vioo yuko Kisumu. Gari la hospitali lingekwenda baada ya wiki mbili.

"Naweza kupeleka mwenyewe?"

"Wengi hupeleka. Peleka kama ilivyo, leo au kesho."

Huku kwetu ni jambo la kawaida. Mgonjwa hubeba kipande chake mwenyewe, mkobani, pamoja na miwani na nauli.

Lakini mimi ni mtu wa barafu. Nimeona sangara wa kilo thelathini akigeuka uvundo kati ya adhuhuri na alasiri. Kitu chochote kilichotoka kwenye mwili hakikai bila baridi. Hilo nalijua kuliko ninavyojua sala. Nikapita mashineni, nikachukua kisanduku kidogo cha kubebea samaki, nikakijaza barafu safi. Kijaluba nikakitia ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikafunga kwa mpira. Juu nikaweka kipimajoto. Nyuzi mbili. Nikaridhika.

Kuelekea Nzoia

Nilipata nafasi katika lori la samaki la Okello. Yeye huchukua barafu kwangu kila Ijumaa, na tumezoeana kwa matani.

"Fundi, umebeba nini kwa hako kasanduku? Nyama ya Krismasi?"

"Shingo yangu."

Alitazama plasta shingoni nilipodungwa, akatazama kisanduku, akawasha gari.

"Basi tuombe polisi wasitusimamishe. Watauliza kibali cha samaki, mimi nitasema nini? Hii ni fundi nusu, ingine iko kwa kiti?"

Tulipita mashamba ya mpunga. Maji yalikuwa yamesimama kati ya matuta, na mbingu ilikuwa imelala ndani yake, hivi kwamba wanawake walioinama kupanda walionekana kama wanachomeka miche katika mawingu. Mahali fulani mtu alikuwa anapiga debe kufukuza ndege. Ndege waliruka wote kwa pamoja, wakazunguka, wakatua pale pale. Alipiga tena. Wakaruka tena. Sikumwona mpigaji. Nilihisi kwamba kama ningeteremka na kukaa pale ukingoni, hakuna ambacho kingenipata, wala jibu jema wala baya. Ningekuwa mtu anayetazama ndege tu.

Daraja la Nzoia tulilivuka saa sita na dakika hamsini. Mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilifungua kisanduku, nikafungua mifuko, nikagusa kijaluba. Baridi safi. Nikafunga.

Msibani

Saa saba na dakika ishirini, mbele kidogo ya Nyadorera, tairi la nyuma lilipasuka. Lori lililegea, likasogea lenyewe hadi kando ya boma lenye mahema meupe na watu wengi. Okello alishuka na jeki. Nati zilikuwa zimeshika kutu, akachukua nyundo. Alikuwa amepiga mara mbili tu, mwanamume mwenye tai nyeusi akatoka mbio getini.

"Wakubwa! Mtatupigia nyundo na sisi tunaenda kushusha mtu?"

Okello akaweka nyundo chini kama kitu cha moto. "Pole sana, jaduong', mzee wetu. Hatukujua."

"Sasa mmejua. Ingieni mkae. Mtafunga tairi akishalala."

Hilo halina mjadala. Tuliingia. Sikutaka kuacha kisanduku garini juani, nikaingia nacho. Tukapewa viti vya plastiki chini ya hema la nyuma. Mwanamke aliyebeba kreti ya soda akakiona.

"Umeleta barafu? Mungu akubariki, soda zimechemka kama uji."

"Hapana, mama. Hii ni ya hospitali."

Alisimama. Akarudi nyuma hatua moja, akaenda zake. Nikaona vichwa vinageuka, safu baada ya safu, kama upepo unavyopita kwenye mafunjo. Baada ya muda kidogo mwenye tai alikuwa amechuchumaa kando yangu.

"Mzee," akanong'ona, "ni ule mguu?"

"Mguu gani?"

"Wa marehemu. Walimkata mwaka jana, kwa sababu ya sukari. Tuliuliza sana hospitali, wakasema haupo. Mama amelia kwamba mtu wake anazikwa pungufu."

Kabla sijajibu, mjane mwenyewe alifika, mrefu, kitambaa cheusi kichwani, akiwa ameshikwa mkono na wanawake wawili. Alikitazama kisanduku kwa muda mrefu. Kina urefu wa kiganja na nusu.

"Nyinyi watu," akasema, "mguu wa baba yenu unaingia hapo? Mguu wa saizi kumi na moja?"

"Labda kidole," mtu akasema kwa nyuma.

Mjane akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, na wale wawili waliomshika wakacheka, na hema lote likacheka, kisha likanyamaza ghafla kwa aibu. Nikamweleza taratibu: ni shingo yangu, si mguu wa mtu, na nje kuna tairi.

Alinishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akatazama plasta.

"Inauma?"

"Hapana."

"Yake pia haikuuma," akasema. "Kidonda cha kidole. Miezi saba alikuwa anasema haiumi." Akaniachia kidevu. "Waleteeni wageni chakula. Na nyama, msiwape supu tu."

Tulipewa wali, nyama ya ng'ombe na kabichi. Joto lilikuwa kali, hema halikutikisika. Hotuba zilikuwa ndefu: msemaji wa kanisa, wa chama cha mazishi, wa ukoo wa mama. Saa nane nilifungua kisanduku, nikaangalia kipimajoto, nikafungua mifuko nikagusa kijaluba. Saa tisa tena. Saa kumi tena. Barafu ilikuwa inapungua lakini nyuzi zilikuwa nne tu. Sauti ya kipaza sauti ilikuja na kuondoka. Nilisikia maisha ya mtu nisiyemjua yakisomwa kwa tarehe na kwa majina ya watoto, na kwa usingizi wa shibe nikaanza kuyachanganya na yangu, mpaka nikasikia msemaji akisema: "Tuna mgeni amekuja na barafu kutoka ziwani. Aseme neno moja."

Okello akanisukuma kiwiko. "Simama, Fundi. Umekula nyama."

Nikasimama. Nilisema kwamba simjui marehemu, tairi letu ndilo lililomjua. Watu wakacheka kidogo. Nikasema kwamba nimeshiba nyumbani kwake, na kwamba mtu ambaye hata wapita njia hushiba kwake siku ya kuzikwa, hazikwi pungufu. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nikaketi.

Walimshusha saa kumi na nusu. Saa kumi na moja Okello alipiga nyundo.

Migosi

Tulipita Siaya, tukapita Luanda na Maseno. Tulipoanza kuteremka kuelekea Kisian, ziwa lilikuwa limefunguka upande wa kulia, rangi ya shaba iliyofifia, bila mpaka kati yake na mbingu. Nilikuwa na kisanduku mapajani, nikihisi maji yakicheza ndani.

Dada yangu mkubwa, Nerima, amepanga vyumba viwili Migosi, mtaa wa Kisumu, na hupika katika shule moja ya hapo. Alinifungulia saa moja na nusu jioni.

"Unaingia kwangu na sanduku la samaki. Samaki wako wapi?"

Nilipomweleza, alikichukua kwa ncha za vidole akakiweka katika friji yake.

"Shingo yako isiguse maziwa yangu," akasema. Kisha akageuka kuelekea jiko na kukaa hivyo, mgongo kwangu, muda mrefu kuliko inavyohitajika kuwasha gesi.

Tulikula ugali, omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaangwa na nyanya, na kunde. Alinitazama kila nilipomeza. Nikamwomba aache. Akasema hawezi.

Maabara

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa mjini, mbele ya dirisha la maabara ambayo daktari wa misheni aliandika. Aliyenipokea ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anaitwa Achieng, mwenye miwani iliyosukumwa juu ya nywele. Niliweka kisanduku mezani kwa fahari fulani, nakiri. Alifungua kifuniko.

"Mzee, hii ni vioo ama ni samaki, ngege?"

"Ni vioo. Nyuzi tatu tangu jana. Havijapita nne."

Akatoa mfuko, akafungua mpira, akatoa kijaluba. Karatasi ngumu ilikuwa imelegea kama chapati. Alikifungua kwa kibano. Juu ya kila kioo palikuwa na matone madogo, mengi, yamepangana vizuri kama jasho la uso.

"Nani alikuambia uweke barafu?"

"Hakuna. Najua mwenyewe. Kitu kilichotoka mwilini bila barafu—"

"Hiki kilikuwa kimekaushwa. Kikikauka kinataka kukaa kikavu tu, hata kwa mfuko wa shati. Ulifungua njiani?"

"Mara nne. Kukagua."

Alivuta pumzi. "Kioo baridi, unakitoa kwa hewa ya moto ya huku kwetu. Kinafanya nini?"

Nilijibu kama mwanafunzi. "Kinatoa jasho."

"Si unajua?"

"Najua."

Nalijua kwa miaka kumi na tisa. Kila chupa inayotoka kwenye mashine yangu hutoa jasho mbele ya macho yangu. Kama ningekuwa mzembe, nikalifunga sanduku na kulisahau, pengine vioo vingefika na unyevu kidogo. Nilikuwa mwangalifu, nikaviharibu mara nne.

Achieng hakunifukuza. Alivipaka rangi hata hivyo, akatazama, kisha akaniita upande wa pili wa kaunta akanionyesha. Nilitegemea kuona giza. Niliona zambarau iliyopauka, madoa makubwa yasiyo na kingo, kama mwezi ukionekana kupitia pazia. Zilikuwa chembe zangu, zimekunywa maji na kupasuka. Zilikuwa nzuri. Ningeweza kuzitazama siku nzima, kwani hazikusema chochote.

"Hapa siwezi kusema hii ni nzuri ama mbaya," akasema. "Na sikulipishi kusoma maji. Lakini itabidi udungwe upya."

Akaniandikia jina la daktari wa mtaa wa Milimani, anayetibia nyumbani kwake, anayedunga akiwa anatazama kwa altrasaundi, ili sindano isikose mahali. Kudunga na kusoma, vyote pamoja, elfu kumi na moja na mia tano. Nafasi ya karibu ilikuwa Jumatatu. Jibu Jumatano.

Nikasimama kwenye kivuli cha duka nikampigia Mwalimu Wandera.

"Mwalimu, naomba uniongeze hadi Jumatano."

"Fundi, mimi nina miaka sitini na nane. Wewe unangoja majibu, mimi nangoja nini? Kuna mtu wa Sisenye ananipa kiwanja kesho."

"Hadi Jumatano jioni tu. Kosa ni langu, niliweka barafu."

"Uliweka barafu kwa nini?"

Nikamweleza. Nikasikia anamweleza mkewe, na mkewe anacheka.

"Jumatano saa kumi na mbili jioni," akasema. "Nitapiga mimi."

Jumapili, ufuoni

Nerima alinipeleka kanisani, na baada ya ibada nikatembea peke yangu hadi ziwani. Gugumaji lilikuwa limejaa ghuba yote. Lilikuwa kijani kibichi, na maua yake ya zambarau iliyopauka, na lilikuwa linasogea. Ukilitazama halisogei. Ukitazama pembeni kisha ukarudi, kisiwa kimehama. Jamaa aliyekuwa anaosha pikipiki karibu nami alisema asubuhi maji yalikuwa wazi mpaka kule, na kesho yatakuwa wazi tena. Upepo ndio unaopanga.

Niliketi juu ya jiwe kwa saa mbili na dakika kumi. Nilijaribu kufikiri juu ya saratani kwa utaratibu, hatua moja moja, kama ninavyofikiri juu ya gesi inayovuja, lakini kila wazo lilianza vizuri na kuyeyuka katikati. Badala yake nilifikiria mwamba wa mama. Alikuwa akianika omena juu yake. Saa za mchana uling'aa kama kitu hai, na ukiukanyaga bila viatu joto lilikurusha. Nilijaribu kuuona ukiwa na nyumba ya Mwalimu juu yake, na mabati, na tangi la maji, na niliweza kuuona vizuri sana. Ilikuwa nyumba nzuri. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nilipoinuka, mtumbwi uliokuwa wazi nilipoketi ulikuwa umezingirwa na majani pande zote, kama umepandwa shambani.

Milimani

Jumatatu nilipanda hadi Milimani kwa miguu. Huko miti inakutana juu ya barabara, na ukimya wake ni wa aina nyingine, ukimya wa watu wenye kuta. Nilikuwa na mkoba wangu wa kazini, kwa kuwa sina mwingine. Mlinzi wa geti la daktari aliutazama.

"Ni wewe fundi?"

Kila mtu huniita fundi. "Ni mimi."

"Umechelewa sana, bwana. Pita nyuma, jikoni."

Nilidhani ndivyo wanavyopokea wagonjwa Milimani. Jikoni mpishi mmoja mnene alinionyesha friji. "Inaunguruma na haigandishi. Tangu Alhamisi." Nilifikiri: labda ni mtihani wa akili kabla ya sindano. Kisha nikaacha kufikiri, kwa kuwa sauti ile naijua. Niliivuta kutoka ukutani. Mabomba ya nyuma yalikuwa yamevaa vumbi zito kama blanketi. Nilikuwa nimepiga magoti na brashi mkononi, mpishi akinimiminia chai, mlango ulipofunguliwa na mwanamke wa umri wangu, mwenye koti jeupe.

"Nina mgonjwa wa saa nne hajafika," akamwambia mpishi. Kisha akaniona shingo. "Huyu ni nani?"

"Fundi wa friji, daktari."

"Mimi ndiye mgonjwa wa saa nne," nikasema.

Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini hakuniruhusu niache kazi nusu; alisema amengoja fundi siku nne na mgonjwa dakika tano. Nikamaliza, nikanywa chai na mandazi mawili, nikanawa, nikaenda kulala kwenye kitanda chake.

Alipaka mafuta baridi shingoni, akageuza kioo cha mashine ili nami nione. Uvimbe ulikuwa kisiwa cha kijivu katika maji meusi, na sindano ilipoingia ilikuwa mstari mweupe mwembamba, kama njia ya mtumbwi asubuhi. Sikuogopa. Nilikuwa natazama mtu mwingine akisafiri.

Vioo vilipokauka, alivifunga akanikabidhi. "Shusha kwa Achieng sasa hivi. Kama—"

"Kama ilivyo," nikasema.

Nilivibeba katika mfuko wa shati, nikiteremka kwa miguu, kwenye jua la saa sita, mkono juu yake. Sikufungua hata mara moja. Watu walinipisha njiani, wakidhani moyo unaniuma.

Jumatano

Achieng alinipa bahasha saa kumi na dakika arobaini jioni. Ilikuwa imefungwa, na jina la daktari juu yake. Nilimtazama usoni. Alishusha miwani kutoka kwenye nywele, akavaa, akasoma karatasi nyingine.

"Mpelekee, Mzee. Mimi nasoma vioo, yeye ndiye anasema na watu."

Nikapanda tena kilima na bahasha mfukoni. Sikumbuki barabara. Nakumbuka kwamba maua mekundu yalikuwa yameanguka chini ya mti mmoja, na kwamba niliyazunguka nisiyakanyage.

Daktari alikuwa na mtu mwingine. Nilingoja. Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili akanikaribisha, akafungua, akasoma hadi mwisho bila kubadilisha uso, kisha akasema jambo la kwanza kwanza.

"Si saratani."

Nikaketi, ingawa nilikuwa nimeshaketi. Yaani mwili uliketi mara ya pili.

Aliniambia kwamba ni uvimbe wa kawaida wa tezi. Aliniambia pia kwamba sindano hukosea, mara chache, kwa hiyo nitarudi baada ya mwaka mmoja kupigwa picha nyingine. Ukikua haraka, sauti ikikwaruza, au nikishindwa kumeza, nisingoje mwaka. Aliniuliza kama nimeelewa. Nilimrudishia yote kwa mpangilio, na akaniambia hajawahi kusikia mgonjwa akirudia bila kuruka kitu. Nikamwambia sasa naogopa kuongeza kitu changu.

Nilikuwa getini simu ilipolia. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili.

"Fundi. Nimengoja."

"Shamba haliuzwi, Mwalimu."

Nilisikia kuku wake, na redio kwa mbali.

"Kwa hivyo wewe ni mzima?"

"Nimeambiwa ni mzima."

"Basi nimekosa ule mwamba."

"Umeukosa, Mwalimu."

"Na wa Sisenye aliuza jana. Haya. Mungu ashukuriwe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kusema kweli. Kisha akakata.

Mmeuliza pia bei, na ndilo swali mlilouliza kwa sauti ya chini zaidi, hivyo najua kuna mwenye sababu yake. Mimi niliambiwa laki mbili na sitini elfu. Picha ya kwanza na damu zilikuwa elfu tano na mia tano. Sindano ya misheni, niliyoiharibu kwa mkono wangu, elfu nne. Ya Milimani pamoja na kusomwa, elfu kumi na moja na mia tano. Nauli, chakula na simu, elfu mbili mia nane na hamsini. Jumla elfu ishirini na tatu, mia nane na hamsini. Kwingine bei huenda ikawa tofauti. Ulizeni kabla ya kulala kitandani. Zilizobaki sikuwahi kuzishika mkononi, kwa kuwa ziko pale kwenye mwamba wa mama bado, zimelala chini ya jua, na mtu yeyote anaweza kuzikanyaga bila viatu: shilingi laki mbili, elfu thelathini na sita, mia moja na hamsini.